Mjadala: Kubisha hodi nyumba kwa nyumba kunaweza kumng'oa mbunge wa Marekani, au 2018 ilikuwa bahati?

Mleta mada, Bronx

Wakuu, habari za jioni. Naomba tulijadili hili kwa heshima, maana wengi wetu huku tumeshaapa uraia na kura tunayo.

Kila baada ya miaka 2 viti vyote 435 vya Baraza la Wawakilishi hugombewa upya, na mara nyingi zaidi ya asilimia 90 ya wabunge wanaotetea viti vyao hurudi. Watu wakisikia hivyo hukata tamaa. Mimi nasema wanaangalia siku isiyo yenyewe. Sehemu nyingi zimeshikwa na chama kimoja, kwa hiyo uchaguzi mkuu wa Novemba ni kukamilisha tu. Kiti kinaamuliwa kwenye kura za maoni za chama, yaani mchujo wa kumpata mgombea wake, na huko wanaojitokeza ni wachache mno.

Chukueni jimbo la uchaguzi la 14 la New York, yaani mashariki ya Bronx na kaskazini ya Queens, lililokuwa na wakazi wapatao 700,000 wakati ule. Joe Crowley alikuwa bungeni tangu 1999, mwenyekiti wa chama cha Democratic Queens, na wa nne kwa cheo miongoni mwa Wademokrati wa Baraza. Miaka 14 hakuna mwanachama mwenzake aliyethubutu kumpinga. Juni 26, 2018, Alexandria Ocasio-Cortez, binti wa miaka 28 aliyekuwa akihudumu baa, alimshinda kwa kura 16,898 dhidi ya 12,880. Jumlisheni: hazifiki 30,000. Crowley alitumia zaidi ya dola milioni 3, na fedha za yule binti zilikuwa sehemu ndogo tu ya hizo; yeye alitegemea watu wa kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Saini za kuingia kwenye karatasi ya kura zilitakiwa 1,250, watu wake wakakusanya zaidi ya 5,000, kwa sababu New York mawakili wa wakubwa hukagua saini moja moja na kupinga kila yenye kasoro.

Siku ile mimi nilikuwa Parkchester, ndani ya jimbo hilohilo. Nilitoka zamu ya usiku ya kumtunza mzee, nikaenda kituoni na sare ya kazi mwilini. Mama msimamizi alipitisha kidole kwenye daftari mara mbili, akaniangalia kwa huruma: "Jina lako lipo, ila huna chama." Nilipojiandikisha baada ya kula kiapo, sehemu ya chama niliiacha wazi. Nilidhani ndiyo adabu. New York asiye mwanachama haruhusiwi kupiga kura za maoni, na kwa mwaka ule mwisho wa kurekebisha ulikuwa Oktoba 2017, miezi minane kabla.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mbunge hang'olewi wiki ya uchaguzi. Anang'olewa mwaka mmoja kabla, kwenye fomu na orodha za majina, na hiyo ni kazi ambayo watu wa kawaida wanaiweza. Nani anapinga?

Mchangiaji, Mombasa

Kaka, sipingi, nauliza. Sisi Kenya katiba yetu, kifungu cha 104, inampa mpiga kura haki ya kumwita mbunge nyumbani kabla muda haujaisha, ijapokuwa sijaona hata mmoja aliyerudishwa. Huko hamna hiyo? Na jambo la pili: mtu amekaa mihula 10, amefika karibu na kilele, mnamtoa kwenye mchujo mnaleta mgeni asiye na kamati wala cheo. Hiyo si hasara kwa mtaa?

Mleta mada

Ahsante ndugu yangu. Hapana, mbunge wa Congress hawezi kuitwa nyumbani na wapiga kura. Ndiyo maana kura za maoni zina uzito huu wote.

Kuhusu cheo, hoja yako ni nzito na siikwepi. Eliot Engel alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Mambo ya Nje alipoangushwa na Jamaal Bowman mwaka 2020, na uenyekiti kama huo mgeni harithi. Lakini cheo cha mbunge ni mali ya mtaa pale tu mtaa unapomwona. Mwaka 2018 kulikuwa na mdahalo Bronx, Crowley hakwenda, akamtuma diwani wa zamani akae kwenye kiti chake.

Mchangiaji, Yonkers

Mleta mada, umesimulia ushindi ukaacha kilichofuata. Mimi niko jimbo lililokuwa la Bowman. Mwaka 2024 kundi la kampeni linalofungamana na AIPAC, shirika la ushawishi linaloiunga mkono Israel, lilimwaga zaidi ya dola milioni 14 dhidi yake. Jioni moja tangazo lilirudiwa mpaka mwanangu wa miaka sita akalikariri. Bowman akashindwa na George Latimer kwa tofauti kubwa. Cori Bush wa St. Louis, naye aliyeingia kwa nguvu ya mitaa 2020, akaangushwa wiki sita baadaye. Miguu inafungua mlango, fedha inaufunga.

Mleta mada

Dada, umenigusa panapouma. Fedha ile ilikuwa kubwa kupita kiasi na inanikera mpaka leo. Ila tuseme yote: mipaka ilikuwa imechorwa upya, sehemu kubwa ya Bronx ikatolewa kwake, na Latimer alikuwa kiongozi wa kaunti ya Westchester aliyejulikana kila kona. Kengele ya moto aliyoivuta Bowman bungeni 2023 bila kuwepo moto nayo ilimgharimu. Fedha ilikuta nyufa.

Na haya si ya mrengo mmoja. Mwaka 2014 huko Virginia, Eric Cantor, kiongozi wa Warepublican walio wengi bungeni, aliangushwa na mwalimu wa uchumi wa chuo kidogo, Dave Brat. Cantor alikuwa na mamilioni.

Mchangiaji, Houston

Na waliokosa? Jessica Cisneros kule Laredo alimkaribia Henry Cuellar 2020, akarudi 2022, akakosa kwa kura zisizofika 300. Wale vijana walitembea juani Texas, na Cuellar akabaki.

Mleta mada

Hilo ndilo linaloninyima usingizi, mkuu. Kura 300 ni ghorofa chache za hapa Parkchester. Ni watu kama mimi wa 2018, waliofika kituoni wakarudishwa, au waliosema "nitaenda kesho".

Mchangiaji, Syracuse

Shikamoo wote. Mimi ni Mkongomani, nimeapa mwezi uliopita. Fomu ninayo mezani. Kwenye chama niweke alama au niache?

Mleta mada

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Chama nitakiachia moyo wako, sikuchagulii. Ila ukiacha wazi, kura za maoni utazitazama kwenye televisheni. Sheria ililegezwa kidogo baada ya 2018: aliyekwisha kujiandikisha hapa New York ana mpaka Februari 14 ya mwaka wa uchaguzi kubadili chama. Jaza leo, piga picha ya fomu kabla hujaituma, na jina liandike kama lilivyo kwenye cheti cha uraia, herufi kwa herufi.