Bastola ya Kijapani ya 1893: mbona nyundo haina mdomo?

Seremala_Nyakato
Wakuu, mwangaluka. Nachonga silaha za mbao za kikundi chetu cha maigizo hapa Nyakato. Mchezo ujao ni wa vita vya Japani na Urusi, 1904. Picha niliyopewa ya bastola ya ofisa ina nyundo laini, ile ya nyuma inayopiga risasi, na haina mdomo, yaani pa kuwekea dole gumba. Ndivyo ilivyoundwa kweli?

Fundi_Mwaloni
Ndivyo. Hiyo ni Type 26, yaani mwaka wa 26 wa utawala wa Meiji, 1893. Ilitengenezwa Koishikawa, Tokyo, kuchukua nafasi ya Smith & Wesson za Marekani. Walengwa walikuwa askari wa farasi, na nyundo isiyo na mdomo hainasi kwenye nguo wala mkoba wa bastola. Gharama yake ni kwamba kila risasi unavuta kifyatulio mwanzo mpaka mwisho, tena kizito, shabaha inayumba.

Mimi ni fundi wa injini za boti hapa Kirumba, kwa hiyo naipenda ubavuni. Unashusha kile chuma kinachokinga kifyatulio, bamba la kushoto linafunguka kama mlango, mtambo wote unauona bila kushika bisibisi. Wafaransa walikuwa nayo hiyo kwenye bastola yao ya 1892. Aliyebuni alimfikiria fundi, Mungu ambariki.

Silinda, ile ngoma inayobeba risasi, ndiyo inaniuma. Nyundo ikilala, hakuna kinachoishika, inazunguka tu. Ikisuguliwa na mkoba, tundu lenye ganda tupu linaweza kurudi kwenye zamu, na mtu anavuta mbele ya adui, kimya. Kazi nzuri yote ile, halafu wakaacha kuweka kizuizi kidogo! Maisha ya mtu yalitegemea hapo.

Mwl_Ilemela
Seremala, angalia na cheo cha mhusika. Hizi zilikuwa mali ya jeshi, wakipewa askari wa farasi na masajini. Maofisa walijinunulia bastola zao. Ningekuwa mimi, ningempa sajini.

Seremala_Nyakato
Nashukuru mwalimu, sajini tunaye. Fundi, kuna tukio la kujaza risasi jukwaani. Inafungukaje?

Fundi_Mwaloni
Inakunjika katikati: mtutu unainama, maganda yote sita yanasukumwa nje kwa pamoja. Weka bawaba mbele ya silinda, upande wa chini, na komeo juu. Kitako chonga mistari inayokatana, maana ile ya mistari sambamba ni ya matoleo ya baadaye. Na chini yake pete ya kufungia kamba.