Insha ya baba imekataliwa mara 6, niendelee kuirekebisha?

Swali
Jamani, insha yangu kuhusu miezi ya mwisho ya baba imekataliwa mara 6. Wahariri 5 walinitumia jibu lilelile wanalomtumia kila mtu. Wa 6 aliongeza mstari: "Msimulizi yuko wapi?" Umeninyima usingizi. Nilikuwepo! Mimi ndiye niliyemnyoa ndevu kila asubuhi. Niandike upya au niiache?

Jibu
Pole sana ndugu yangu. Mstari huo ni mali, maana mhariri hapotezi muda kwa kazi isiyomgusa. Hizo ndevu zimo?

Muulizaji
Hazimo. Nimeanza na kuzaliwa kwake, kurasa 3.

Jibu
Basi anza na wembe. Mimi huichapisha rasimu na kuisoma kwa sauti. Nikijikwaa mahali, napiga mstari. Ila usimtungie mzee maneno ambayo hukuyasikia. Ukikumbuka nusu, sema unakumbuka nusu.

Muulizaji
Kurasa 3 nimezikata jana usiku. Sasa inaanza na povu la sabuni kidevuni mwake, mkono wangu ukitetemeka. Nimelia sana. Nitaiweka kando wiki 2, kisha naituma.