Azalia zinageuka njano, mishipa imebaki kijani, nimekosea wapi?

mama_vitumba:
Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Mwaka jana nilipanda azalia tatu (vile vichaka vya maua) pembeni ya ukuta wa nyumba, zikachanua vizuri kweli, sasa hivi majani machanga yanatoka ya njano ila mishipa yake kijani kabisa. Nikadhani ni njaa nikaongeza mbolea, ndo kwanza majani yakaungua kingo. Halafu kuna rododendroni moja, ndugu yake azalia, nilinunua pamoja nazo, hiyo imenyauka tu na udongo umelowa muda wote. Ning'oe nianze upya? Na nikinunua tena nichague ipi?

jembe_butu:
Pole dada. Hapo ni madini ya chuma yanakosekana, na mara nyingi chuma kipo udongoni ila mmea unashindwa kukifyonza. Hizi zinataka udongo wa tindikali, pH (kipimo cha tindikali, namba ikishuka tindikali inazidi) 4.5 mpaka 6 hivi, na huo ukuta kama ni wa saruji mvua ikipiga inashusha chokaa kwenye mizizi. Pima pH kwanza kabla hujamwaga kitu kingine. Mimi ningezihamisha tu, shimo pana siyo refu, changanya maganda ya msonobari na mboji ya majani yaliyooza. Salfa ya unga nayo inashusha pH ila polepole, usitegemee wiki moja. Mwagilia maji ya mvua ukiyapata, na majivu usiyaguse kabisa.

mama_vitumba:
Jamani majivu nimemwaga ndoo nzima 😭 niliambiwa ni mbolea

jembe_butu:
Ni mbolea ya wengine hiyo, sio ya azalia 😂

babu_wa_miche:
Mwanangu, ikinyauka huku udongo umelowa shida sio kiu, hiyo mizizi inaoza. Mizizi yake ni myembamba kama nywele na inatambaa juu juu, ukifukia shina au maji yakituama inakosa hewa. Ichimbue uangalie, ukikuta mizizi ya kahawia ganda linavuka ukivuta basi itupe, na usipande nyingine shimo lile lile. Ukipanda nyingine acha donge la mizizi lichomoze kidogo juu ya udongo, weka matandazo ila yasiguse shina, na usipalilie kwa jembe hapo, ng'oa magugu kwa mkono.

kivuli_cha_asubuhi:
Kuhusu kuchagua, azalia nayo ni rododendroni tu kitaalamu, mara nyingi ina stameni (vile vijiti vya chavua katikati ya ua) 5 kila ua, rododendroni zile kubwa 10 au zaidi. Cha kwanza uliza itafika kimo gani, kuna zinazoishia gotini na kuna zinazokuwa miti, watu wananunua kitoto kwenye kopo baadaye inaziba dirisha. Pili baridi: zile za jamii ya vireya, asili yake milima ya Borneo na New Guinea huko, hazivumilii barafu, lakini kama kwako hakugandi ni nzuri mno. Kanunue wakati zimechanua uone rangi kwa macho yako, ila chukua yenye matawi mengi, usidanganywe na maua. Kupogoa ni mara tu maua yakiisha, ukichelewa unakata vitumba vya mwakani. Ah na kama una mbuzi weka uzio, majani yake ni sumu.

mama_vitumba:
Nimeichimbua, ganda limevuka kama soksi. Inatupwa. Azalia nazihamisha jumamosi.