Kidandizi wa hadithi yangu anaishi mgongoni mwa mtu. Atakula nini, na watoto wake watapita wapi?

Mkarafuu_Wete

Assalaam alaikum ndugu zangu. Naandika hadithi ndefu kwa ajili ya vijana wa skuli. Inatokea huku kwetu Pemba, kwenye kijiji nilichokibuni kando ya mikoko. Humo kuna dudu nililolipa jina Kidandizi. Anamwingia mtu kisiginoni anapopita topeni maji yakiwa yamekupwa, anapanda ndani kwa ndani mpaka chini ya shingo, anatulia hapo. Aliyeingiwa hajui kitu. Ila usiku wa bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, anaamka na kiu isiyokatika, anashuka pwani peke yake na kuingia majini hadi kifuani.

Kijiji kizima kinasema ni shetani. Msichana mmoja, Raya, ndiye anayeanza kushuku kwamba ni mnyama mwenye mwili, anayekula na kuzaa. Hapo ndipo hadithi inapogeuka na hapo ndipo nilipokwama. Mpwa wangu alisoma sura za mwanzo akaniuliza: kama ananyonya damu kila usiku, mbona mtu hafi? Na watoto wake wanafikaje kwa mtu mwingine? Sitaki kumjibu kwamba ni uchawi, kwa sababu Raya mwenyewe hatalikubali jibu hilo. Mwenye kujua mambo ya minyoo, wadudu, samaki, chochote kile, anisaidie.

Dema_Kojani

Waalaikum salaam dada. Mimi mvuvi. Kuna kidudu cha baharini ukikiona mara moja hutakisahau. Unamfungua samaki mdomo umtoe ndoana, pale pa ulimi unakuta kitu cheupe kimekaa, kina macho mawili meusi na vijiguu vimejikunja pembeni. Ukikivuta hakitoki, kucha zimeshika nyama.

Anayejulikana zaidi ni Cymothoa exigua wa upande wa Pasifiki, Marekani, lakini jamaa zake wamo hata kwenye bahari yetu. Huyo huingia kupitia mashavu ya samaki akiwa dume, baadaye hugeuka jike, akaenda kushika ulimi. Anaunyonya damu mpaka unanyauka, kisha anakaa mahali pake. Na samaki anaendelea kula na kuogelea siku zote hizo. Mpwa wako mjibu hivyo: Kidandizi anakula kidogo kidogo, hana haraka. Akila kwa pupa amekosa pa kulala.

Bi_Hadubini

Waalaikum salaam mwanangu. Nimefanya kazi ya maabara hapa Pemba mpaka nikastaafu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kichocho. Maelezo yako nimeyasoma mara mbili kwa furaha, maana huyo mtu anayekwenda majini kwa miguu yake mwenyewe ni jambo zuri sana, usilifute.

Watu wakibuni dudu huanza na meno. Anza na mlango wa kutokea. Kimelea akishaingia mwilini amepata nyumba, chakula na joto, kwake yeye mambo yamekwisha. Kinachobaki ni mtoto. Mtoto atatoka wapi, atapita wapi, atamkuta mtu mwingine saa ngapi? Ukiyajibu hayo, utajua wenyewe Kidandizi ana mdomo wa aina gani.

Mtazame wa kwetu, mnyoo wa kichocho, Schistosoma haematobium. Dume na jike wanakaa kwenye mishipa ya damu kandokando ya kibofu cha mkojo. Dume ana urefu wa sentimita moja hivi, mwili wake umejikunja ukafanya mfereji, na jike kalala ndani ya mfereji huo. Wanakaa hivyo miaka. Damu wanayokula ni kidogo mno. Kinachomwumiza mgonjwa hasa ni mayai: mengine yanapenya ukuta wa kibofu yakatoka na mkojo, mengine yanakwama njiani, nyama inavimba na kukakamaa ikiyazunguka. Yaani ugonjwa wote ule ni mtoto anayetafuta njia. Hilo ndilo ningependa Raya aligundue, tena aligundue mapema, kabla ya watu wazima.

Tulikuwa tunachuja mililita 10 za mkojo, uliotolewa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa kuwa ndipo mayai hutoka kwa wingi. Kwenye hadubini yai ni refu kidogo, na ncha yake moja ina mwiba. Likiwa ndani ya mkojo limetulia, hata ulitazame mpaka macho yachoke. Ulitie maji matamu. Baada ya muda kilichomo kinaanza kutikisika, vinyweleo vinapiga upande huu na upande huu, ganda linapasuka, na kiumbe kinachomoka kikizunguka kwa kasi hata huwezi kukifuata kwa jicho. Hakili chochote. Kina saa chache tu za kumpata konokono, na asipokuwa konokono wa aina yake, kinakufa. Huku kwetu ni Bulinus globosus, yule mdogo wa vijitoni na madimbwini. Akishaingia kwa konokono, mmoja anakuwa maelfu bila dume wala jike. Wiki kadhaa zikipita, jua likishapanda, konokono anawamwaga majini. Kila mmoja ana mkia wenye ncha mbili. Akigusa ngozi ya mtoto anayeoga, mkia anauacha nje, yeye anazama.

Sasa Kidandizi. Kitakachokusumbua ni chumvi. Mayai ya kichocho hayaanguliwi baharini, yanataka maji matamu. Wako yuko mikokoni, kwa hiyo amua. Mimi ningemweka pale kijito kinapoingia baharini, na konokono wa mikokoni awe ndiye mlezi wa watoto wake. Hapo bamvua inapata kazi, kwa sababu maji yake yanapanda mpaka ndani kabisa ya mikoko, ambako maji mafu hayafiki. Mtu akiingia majini usiku ule, mayai yanachukuliwa mpaka kwenye mizizi. Yanangoja. Masika ikishusha maji matamu, yanaanguliwa yote kwa mpigo. Raya atakuwa na kitu cha kuhesabu: kwa nini wanaoingiwa huongezeka baada ya mvua.

Kujua saa si uchawi. Vijidudu vya matende huja kwenye damu ya karibu na ngozi wakati wa usiku, saa ambazo mbu wake wanauma, mchana vinarudi kujificha mapafuni. Ndiyo maana vipimo vya damu vya zamani vilitaka watu watolewe damu usiku, na wengine ilibidi tuwaamshe.

Kiu nakushauri uibadilishe iwe moto. Mnyoo wa Guinea, ambaye bado anahangaisha nchi kama Chad, hutoa lengelenge mguuni linalounguza. Mgonjwa anakimbilia maji apate nafuu, na mnyoo ukigusa maji tu unamwaga watoto wake. Hakuna aliyemtawala akili. Ameungua, ametaka kupoa, basi. Mtu wako naye aungue mgongo usiku wa bamvua. Inatisha zaidi, kwa sababu kila msomaji anajua angefanya vilevile.

Kama Raya atauliza kwa nini mwili haumpigi vita, mnyoo wa kichocho hujipaka vitu vya damu ya mwenyeji wake, ulinzi wa mwili ukipita unamwona wa nyumbani.

Na nakuomba jambo moja. Walioingiwa usiwafanye waonekane wachafu au wenye dhambi. Nimewajua watu wenye matende waliojifungia ndani, hawaendi harusini wala mazikoni, kwa ajili ya maneno ya majirani. Andika na maneno hayo ya majirani.

Mkarafuu_Wete

Shikamoo bibi, nimekaa na maneno yako tangu jana. Moto mgongoni nimeuchukua, na chumvi pia. Majirani wataandikwa, nakuahidi.

Limebaki la mwisho. Kijiji kitamwondoaje? Wanaume wanataka kukata mikoko yote na kuichoma, Raya anakataa. Sura ya tano nimeandika kwamba jike hukaa mgongoni na dume humfuata huko huko ndani, mayai yanatoka kupitia kitundu kidogo kwenye ngozi. Sitaki imalizike kwa kumuua mgonjwa.

Mfugaji_Dole

Dada, hapa Unguja tuliwahi kuondokana na mbung'o, na mikoko wala msitu wa Jozani haukuchomwa. Ng'ombe walikuwa wanakufa kwa nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Kwanza mbung'o walipunguzwa kwa dawa, ng'ombe wakimwagiwa mgongoni. Kisha kuanzia 1994 ndege ndogo zikawa zinadondosha visanduku vya mbung'o madume waliofugwa Tanga na kupigwa mionzi wasiweze kuzalisha. Zaidi ya milioni 8 walimwagwa. Jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, na hatagi mayai, anazaa buu mmoja mmoja. Akikutana na dume tasa, uzazi wake umekwisha. Wa porini wa mwisho alinaswa 1996, mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o. Na kwa kuwa ni kisiwa, hakuna waliorudi kutoka bara. Raya naye yuko kisiwani.

Bi_Hadubini

Marahaba mwanangu. Alilosema Mfugaji ni zuri mno, ila haliingii kwenye sura yako ya tano ilivyo sasa. Dume akimfuata jike ndani ya mgongo, basi kila dume tasa itabidi apenye mwilini mwa mtu kwanza, na hapo Raya atakuwa anawaingiza watu vimelea kwa mkono wake. Waoane nje, topeni, kabla jike hajamwona mtu. Dume aishi na kufa mikokoni, asimguse binadamu kabisa. Jike apandwe mara moja, ayatunze aliyoyapata, ndipo atafute kisigino. Ukifanya hivyo itabidi umpe Raya mahali pa kuwafugia madume na mtu wa kumsaidia kuwatenga na majike wakiwa bado wadogo, na kabla ya yote wapunguze wale waliopo topeni, vinginevyo madume wake watamezwa na wingi. Mwanamke anayeokota chaza atafaa kwa kazi ya kuwatenga, jicho lake limezoea vitu vidogo vya topeni. Ukishaiandika upya iweke hapa, nataka kuiona.