Miezi 36, sentimita 86.5: ni damu ya ukoo au kudumaa?

Mpimaji_Wete
Assalaam alaykum. Wajuzi nisomeeni kadi hii. Mtoto mwanamme, kazaliwa na sm 50. Miezi 6 alikuwa 67, miezi 12 akafika 72.5, miezi 24 akawa 80 (kapimwa amelala), leo miezi 36 kasimama 86.5. Uzito kilo 12, utepe wa mkono 14.5, kijani. Baba 163, mama 151. Nyumbani wanasema kafuata babu zake. Ndivyo?

Tabibu_wa_Chake
Waalaykum salaam. Anza na wazazi: 163 na 151, ongeza 13 kwa kuwa ni mwanamme (mwanamke unatoa 13), gawa kwa 2. Unapata 163.5, kimo kinachotarajiwa akishakua, na nafasi ya 8.5 juu na chini. Kwenye jedwali la Shirika la Afya Duniani mwanamme wa wastani akifika miaka 19 ana 176.5, basi kweli ukoo si warefu. Lakini ufupi huo ukiuhamishia miezi 36 unakupa 89 na ushei. Yeye ana 86.5, na mstari wa kudumaa kwa umri huo (aliye chini yake huhesabiwa kadumaa) ni 88.7.

Utepe wa kijani usikubabaishe. Unaonesha wembamba, kimo hauoni. Uzito wake unalingana na kimo chake, ndiyo maana ukimtazama peke yake unamuona mzima.

Sasa tafuta alipokwama. Mwaka wa pili kaongeza 7.5, na wastani ni kama 12. Mwaka wa tatu usitoe 80 kwenye 86.5: kipimo cha kulala huzidi cha kusimama kwa sm 0.7, kwa hiyo toa 79.3. Inabaki 7.2, na mwendo huo uko sambamba na mistari ya jedwali. Kaacha kushuka, ila hajapanda. Kilichomkwamisha kilimpata baina ya miezi 6 na 24.

Mkoani_Jeni
Ngoja kidogo. Kushuka mistari kabla ya miaka miwili si lazima kuwa maradhi. Urefu wa kuzaliwa huamuliwa zaidi na hali ya tumboni, jeni za wazazi hujitokeza baadaye, na mtoto wa wazazi wafupi anaweza kuteremka taratibu mpaka miezi 18 au 24. Na utafiti wa mwaka 2022 kwa watu milioni 5.4 ulikuta sehemu zaidi ya 12,000 za jeni zinazohusika na kimo. Tofauti za kimo baina ya watu wazima, kiasi cha asilimia 80 ni urithi.

Tabibu_wa_Chake
Sawa, lakini damu humshusha mpaka kwenye mstari wake, haimpitishi chini yake. Huyu kapita. Na hiyo 80 haina maana kuwa sm 80 katika kila 100 zatoka kwa wazazi. Inaeleza tofauti baina ya watu wa mahali walipopimwa, khasa wanakoshiba wote. Pale ambapo mmoja anakula yai na mwengine chai na boflo, fungu la mazingira hukua.

Tena 151 ya mama si damu tupu. Huenda naye alidumaa. Kumpimia mwanawe kwa kimo hicho ni kushona nguo kwa futi iliyokatika. Jedwali lenyewe la watoto wa chini ya miaka 5, la 2006, lilipimwa nchi 6, Oman ikiwemo (kwa wale wenye jamaa Maskati). Watoto waliolelewa vyema walikaribiana: asilimia 3 tu ya tofauti za urefu ilitokana na mahali.

Bi_Mapishi
Miezi 6 mpaka 24 ndipo unapoingia uji mtupu wa muhogo. Unajaza tumbo, protini yake kidogo. Kaanga dagaa wakavu bila mafuta, saga, chekecha, tia kijiko kimoja cha chakula kwenye bakuli. Yai moja kwa siku, kunde au choroko zilizopondwa, kisamvu cha nazi. Chai iondoke kwenye mlo, inazuia madini ya chuma. Na msimsukumie sukari na mafuta ili "anenepe": atapata kitambi, si urefu.

Akiharisha: maji ya chumvi na sukari ya paketi, na zinki mg 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, hata kama tumbo limefunga siku ya tatu. Wengi wanakatisha hapo. Kuharisha mara kwa mara kunaharibu utumbo, na chakula kizuri kinapita bure. Dawa ya minyoo kila miezi 6, na asiogee vidimbwini, kichocho kipo.

Mpimaji_Wete
Nimpime tena lini?

Tabibu_wa_Chake
Baada ya miezi 6, si kila mwezi, kosa la kupima ni karibu nusu sentimita. Viatu nje, nywele zisiwe na mafundo, visigino na kisogo viguse ubao. Wastani wa muda huo ni kama 3.8, akizidisha hapo, anafidia. Akipata chini ya 2.5, au macho yakawa ya manjano, vidole vikavimba kwa maumivu, mpeleke hospitali wamtazame selimundu na tezi ya shingo.