Mjadala: Dawa ya kukatisha damu ya uzazi, mkunga wa zahanati aichome mwenyewe au isubiri daktari?

MLETA MADA

Wadau, naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana linahusu dada zetu, wifi zetu na binti zetu.

Mwaka juzi wifi yangu alijifungua kwenye zahanati ya kijijini, saa nane usiku. Mtoto salama, kondo la nyuma likatoka, tukamshukuru Mungu. Haikupita robo saa mkunga akaniomba kanga nyingine. Halafu nyingine. Ile ya tatu nilipoiokota ilikuwa nzito kama nguo inayotoka kwenye beseni la kufulia, inachuruzika hadi kwenye vidole vya miguu yangu. Mkunga alikuwa peke yake. Oksitosini, sindano ya kukaza kizazi, alishachoma, mkono mmoja anasugua tumbo la uzazi, mwingine umeshika simu anatafuta gari. Nikamuuliza, hakuna dawa nyingine? Akanijibu, "Ipo ya kukatisha damu, lakini ipo hospitali. Huku hatuletewi." Tangu damu ianze hadi tunafika hospitali zilipita saa mbili na dakika arobaini. Wifi yu hai. Mimi tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kusoma habari za damu.

Dawa yenyewe inaitwa asidi ya traneksamiki, na si ya juzi. Ilipatikana Japani, utafiti wake ukachapishwa mwaka 1962, kazi ya daktari mwanamke, Utako Okamoto, na mumewe Shosuke. Walikuwa na fedha kidogo baada ya vita, wakachagua kuchunguza damu kwa sababu ikipungua maabara wangeweza kutumia ya kwao wenyewe. Hapakuwa na mahali pa kulelea watoto, mama huyo akawa anafanya kazi na mtoto mgongoni. Hapo niliposoma nilisimama kidogo. Mama zetu ndivyo walivyolima.

Alichokitafuta ni hiki. Mshipa ukipasuka, chembe sahani za damu hukimbilia kuziba, kisha nyuzi za faibrini hufunga ile zibo isiachie. Mwili una kimeng'enya chake cha kuyeyusha hizo nyuzi baadaye, jeraha likipona. Kwa mama anayevuja sana kimeng'enya hicho huanza kazi mapema mno: damu inaganda huku inayeyushwa huku. Dawa ya Okamoto humzuia huyo myeyushaji. Aliwaomba madaktari wa uzazi waijaribu kwa wanawake waliojifungua, hakukubaliwa. Ilibidi usubiriwe utafiti mkubwa ulioongozwa kutoka London, wanawake 20,060 katika nchi 21, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo. Majibu yalitoka 2017. Yeye alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, akiwa na miaka 98.

Majibu yalisema hivi: wakichomwa ndani ya saa 3 tangu kujifungua, waliokufa kwa kuvuja damu ni asilimia 1.2, na kwa wasiopewa ni 1.7. Karibu theluthi ya vifo hivyo vimeondoka. Na uchambuzi uliofuata ukaonyesha kila dakika 15 za kuchelewa hula kama asilimia 10 ya faida, saa 3 zikipita haina msaada tena. Sasa piga hesabu ya gari letu.

Hoja yangu: iwekwe kwenye kabati la kila zahanati inayozalisha, na mkunga aichome bila kuomba ruhusa ya mtu kwa simu.

DAKTARI, HOSPITALI YA WILAYA

Dada, pole sana. Wagonjwa wa namna hiyo ndio tunaowapokea alfajiri, na wengine tunawapokea tukiwa tumechelewa. Hata hivyo naomba usome utafiti huo hadi mwisho. Lengo lake kuu lilikuwa kupunguza vifo vya sababu yoyote au kutolewa kizazi vikihesabiwa pamoja, na hapo tofauti haikuonekana. Pili, ulifanyika kwenye hospitali 193, mahali penye damu ya kuongezewa na chumba cha upasuaji. Zahanati haina hivyo. Tatu, mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari: chupa ya dawa hii hufanana na ya bupivakaini, ile ya ganzi ya mgongoni, na wapo wagonjwa waliochomwa traneksamiki kwenye uti wa mgongo kwa makosa wakafa. Ninachokiogopa zaidi ni mkunga kuchoma sindano, akapata moyo, akasubiri kuona kama damu itakata. Nusu saa ya kusubiri ndiyo inayoua.

MLETA MADA

Daktari, ahsante kwa kujibu kwa hoja.

La kizazi nimelifuatilia. Watafiti wenyewe walieleza kwamba mara nyingi uamuzi wa kutoa kizazi ulifanyika wakati uleule mama anapoingizwa kwenye utafiti, yaani dawa haikupewa nafasi ya kuuzuia. Vifo vya kuvuja damu vilipungua, na hicho ndicho kilichokuwa kinamchukua wifi yangu.

La chupa kufanana ni zito, silipuuzi. Lakini daktari, ganzi ya mgongoni inachomwa wapi? Kwenye chumba cha upasuaji. Zahanati haina bupivakaini hata moja, kwa hiyo hatari uliyoitaja iko huko ilikoruhusiwa dawa, haiko huku ilikonyimwa. Hata joto la huku inalivumilia, oksitosini ndiyo inayotaka friji.

La kusubiri nakubaliana nawe kabisa. Gari liitwe kwanza, sindano ifuate. Na sisemi wapewe wanawake wote: wanawake zaidi ya 15,000 wenye upungufu wa damu walijaribiwa kupewa kama kinga kabla hawajavuja, Tanzania ikiwemo, haikuwazuia kuvuja. Nasema apewe yule ambaye kanga zinalowa.

MKUNGA MSTAAFU

Wanangu, shikamoo mmeshaniamkia moyoni, naitikia marahaba. Nimezalisha miaka thelathini na moja, nyingi zahanati.

Msidhani mkunga hawezi kujua damu imezidi. Kule Kigoma, miaka ya 2000 mwanzoni, wakunga wa jadi walifundishwa kuhesabu kanga: mbili zikilowa chapachapa, nusu lita imefika, wanampa mama misoprosto, dawa nyingine ya kukaza kizazi. Waliweza. Kama mkunga wa jadi aliweza, muuguzi mwenye cheti atashindwaje?

Lakini nyote wawili hamjagusa jambo moja. Dawa hii ni gramu moja, inaingia kwenye mshipa polepole, dakika kumi nzima. Mimi niko peke yangu usiku. Mkono mmoja unasugua tumbo, nikiuachia kizazi kinalegea. Mkono wa pili unasukuma sindano taratibu dakika kumi. Nani anampigia dereva? Nani anamfunika mtoto? Mshipa wa mama aliyevuja nao unajificha, unautafuta kwa tochi ya simu huku unatetemeka. Nasikia wanachunguza kuichoma msulini, na imeonekana huingia kwenye damu upesi. Ikithibitika inaokoa hivyo, mkunga yeyote ataichoma kwa sekunde chache.

Mimi nilikuwa nabandika plasta kwenye mkono wa mama naandika saa damu ilipoanza na saa ya kila sindano, ili akifika kwako daktari usianze kumuuliza mtu aliyezimia. Dawa ileteni, naiunga mkono. Na kwenye zamu ya usiku tuleteeni mtu wa pili.