Baba ameanza kukwepa siku za mashine. Walioko kwenye kusafisha damu, nisaidieni (Tanga)

Binti wa Makorora

Assalaam alaykum ndugu zangu. Baba yangu ana miaka 63, alikuwa nahodha wa mashua. Figo zimefeli kwa ajili ya presha aliyokaa nayo miaka bila kuitibu. Tangu Mfungo Mosi anasafishwa damu hapa mjini Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kila mara kwa muda wa saa nne. Bima tunayo, kaka yangu ni mwajiriwa na amemwandikisha baba kwenye kadi yake, kwa hiyo hela ya mashine haijatushinda.

Kilichotushinda ni yeye mwenyewe. Kwanza alikuwa anang'ang'ania atolewe kabla saa ya mwisho haijaisha. Sasa Jumamosi mbili mfululizo hajaenda kabisa. Ukimuuliza anasema, "Nimechoka, niacheni nipumzike." Tumemletea imamu, shangazi kalia mbele yake, kaka kapiga simu kutoka Dar kafoka. Ndiyo kwanza ananuna, hali hata na sisi. Wagonjwa wenu kiliwasaidia nini wasiache?

Mama Cherehani, Ngamiani

Waalaykum salaam mwanangu. Mpe baba pole yangu, mwambie inatoka kwa mwenzake wa kwenye kiti. Huu ni mwaka wangu wa sita. Nashona hapa Ngamiani, na siku zangu ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.

"Nimechoka" ni neno la kujisitiri. Mtu mzima hamwambii bintiye kwamba anaogopa maumivu. Na mimi nilisema hivyo hivyo miezi minane ya mwanzo, kumbe nilichokikimbia ni ile saa ya mwisho. Saa tatu za kwanza nalala vizuri tu. Ikiingia ya nne, vigimbi vinakaza kama kamba ya tanga, vidole vya miguu vinapinda, jasho, giza machoni, presha imeshuka. Nikifika nyumbani siwezi hata kutunga uzi kwenye sindano mpaka kesho yake. Nikawa naomba kutolewa mapema, sawasawa na baba yako.

Hakuna aliyenisaidia kwa kunitisha. Aliyenisaidia ni sista mmoja aliyevuta stuli akakaa nami na karatasi yangu ya uzito. Akanionyesha kwamba kilo moja ninayoongeza kati ya mashine na mashine ni lita moja ya maji iliyobaki mwilini. Mimi nilikuwa naingia na kilo nne na nusu za ziada! Mashine ikizivuta zote kwa saa nne, mwili haustahimili kasi hiyo, ndipo misuli inakaza na presha inaporomoka. Nikitoka mapema maji yanabaki, safari inayofuata naja mzito zaidi, wanavuta zaidi, naumia zaidi. Nilizunguka humo humo miezi yote ile.

Basi nikaanza na kikombe. Daktari alinipa kiwango changu cha maji kwa siku (na baba aulize chake, kinategemea mkojo anaoupata bado). Asubuhi nakipima kwenye chupa. Nikinywa chai kikombe kimoja, namimina kikombe kimoja kutoka kwenye chupa. Uji na mchuzi navyo nahesabu. Joto la hapa la Februari mnalijua wenyewe: nagandisha maji vibarafu vidogo vidogo, namumunya kimoja taratibu, kinakata kiu kuliko glasi nzima. Lakini chumvi ndiyo inayoleta kiu, usipoiondoa hiyo unapigana bure. Niliacha ng'onda, nikaacha achari, nikaacha papa mkavu wa nazi. Huyo papa nilimlilia, sikufichi. Kilo zikashuka hadi mbili na kitu, na saa ya nne ikawa saa kama nyingine. Tangu hapo sijaomba kutolewa mapema.

Niambie mwanangu: baba anaongezeka kilo ngapi? Na akikaa barazani anakunywa nini?

Kijana wa Pongwe

Kwetu tatizo lilikuwa njiani. Mama akitoka kwenye mashine ana kizunguzungu, halafu asimame kituoni kungoja daladala. Tulipatana na jirani mwenye bajaji, tunamlipa mwisho wa mwezi. Bajaji ikishapiga honi nje, mama anachukua kanga yake anatoka, hakuna tena mjadala wa leo sijisikii.

Sista Mstaafu

Dada, nimefanya kazi kitengo hicho. Hesabu siku. Akiruka Jumamosi, amekaa kuanzia Alhamisi hadi Jumanne, siku tano, na potasiamu, madini ya kwenye chakula ambayo figo nzima huyatoa, inapanda kwenye damu huku maji yakitafuta njia ya kwenda mapafuni. Potasiamu ikizidi moyo unaweza kusimama ghafla, bila dalili ya maana kabla. Kwa hiyo madafu hapana, machungwa ya Muheza hapana, tende na ndizi apunguze sana. Viazi na muhogo vikatwe vidogo, vichemshwe kwa maji mengi, maji yale yamwagwe. Akishindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, msingoje siku yake, mpelekeni.

Muulizeni daktari mambo mawili: kama dawa ya presha ya siku ya mashine aimeze baada ya kutoka, na kama uzito wanaomlenga, yaani ule anaotakiwa kubaki nao maji ya ziada yakishatoka, bado ni sahihi. Msibadilishe wenyewe. Na mwambieni nchi yetu inapandikiza figo, Muhimbili tangu 2017 na Benjamin Mkapa Dodoma tangu 2018. Mgonjwa aliyetunzwa vizuri na mashine ndiye anayefika huko ana nguvu.

Binti wa Makorora

Nimerudi. Leo sikumsihi, nilimuuliza tu ni saa ipi inayomuuma. Alinyamaza kidogo, akasema, "Ya mwisho, mwanangu." Karatasi yake inaonyesha kilo tano. Madafu anakunywa mawili kwa siku, wenzake wa zamani wanamletea kwa mapenzi. Dawa ya presha anameza alfajiri kabla ya kuondoka, hiyo Alhamisi nitauliza.

Kuna jingine ambalo sikulijua. Anaona haya na ule mpira wa shingoni ambao damu inapitia kwenda kwenye mashine. Ndiyo maana Ijumaa anasali nyumbani.

Mama Cherehani, Ngamiani

Hilo la mpira lina dawa. Waulizeni kuhusu kuunganishiwa mshipa mkononi, ndipo zichomwe sindano za mashine badala ya mpira. Ni upasuaji mdogo, mshipa unachukua wiki kadhaa kukomaa, kisha mpira unatolewa. Wangu uko mkono wa kushoto: nikiweka kidole nasikia unatetema, ndivyo ninavyojua kila asubuhi kwamba ni mzima. Sibebi ndoo kwa mkono huo wala sikubali upimwe presha. Nikivaa baibui hauonekani, naye kanzu itamsitiri.

Wale wa madafu usiwafukuze, waambie waje mikono mitupu wakae naye tu. Jumamosi mimi sina mashine. Mume wangu atakuja kwenu saa kumi na mbili asubuhi, waende pamoja, akae naye mpaka hiyo saa ya mwisho iishe. Nitumie namba ya nyumba faraghani.